Ngozi inatoka ya majivu: kuchora sura za wazee wa mtaa kwa rangi za mafuta

Msomaji wa Pangani, pwani ya Tanzania, ameuliza: "Ofisi ya kata imenipa kazi ya kuchora sura za wazee kumi wa mtaa wetu, wanaume na wanawake, zitundikwe ukumbini. Nimezoea penseli na akriliki, safari hii nimechagua rangi za mafuta. Nimejaribu sura mbili na zote ngozi imetoka kama iliyopakwa majivu. Tena mzee mmoja alichoka baada ya nusu saa, akaaga. Nikosoe, na unieleze nipange vipi kazi yote."

Majivu hayo yanatoka kwenye mrija wa rangi nyeupe. Aliyezoea penseli hufikiri kwa mwanga na giza tu, kwa hiyo akishika rangi huchanganya kahawia moja, kisha panapong'aa huongeza nyeupe na penye kivuli huongeza nyeusi. Nyeupe ya titani ina nguvu kubwa na asili yake ni ya ubaridi. Ikiingia kwenye kahawia haiipi mwanga, inaiondolea joto. Ukiisambaza shavu zima unapata ngozi ya mtu mgonjwa.

Mtazame mzee mwenye ngozi nyeusi aliyekaa karibu na dirisha, mwanga ukimpata upande mmoja. Utaona sehemu nne. Pale ngozi inapong'aa hasa, yaani kwenye paji la uso, mfupa wa shavu na ncha ya pua, kuna vidoa vidogo vyenye rangi ya anga, samawati ya kijivu, kwa sababu ngozi nyeusi yenye mafuta yake ya asili huakisi kile kilicho mbele yake, na kilicho mbele yake ni anga. Kuzunguka vidoa hivyo kuna eneo pana la mwanga wa kati, na hilo ndilo lenye joto kuliko yote: wekundu, chungwa, wakati mwingine manjano. Kisha kivuli chenyewe, kilichokolea, chenye zambarau au wekundu wa damu ya mzee. Mwisho, chini ya kidevu na pembeni mwa taya, kuna mwanga unaorudi kutoka sakafuni au kwenye nguo. Akivaa kanzu nyeupe, kanzu hiyo inamrushia mwanga kidevuni, na usipouchora, kichwa kitaonekana kama kimekatwa na kuwekwa juu ya kitambaa.

Kwa hiyo ubaridi upo kweli kwenye ngozi nyeusi, lakini una mahali pake, napo ni padogo. Kosa lako ni kuutoa kwenye vidoa vya mng'ao na kuueneza kwenye mwanga wa kati. Ukilitambua hili, nusu ya tatizo imekwisha kabla hujafungua mrija.

Sasa rangi zenyewe. Kwa ngozi unahitaji sita: siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu wa kutu), amba iliyochomwa (kahawia iliyokolea), oka ya njano, bluu ya ultramarini, nyekundu ya kadimi au nyekundu nyingine inayoelekea chungwa, na nyeupe ya titani. Ongeza nyekundu ya zambarau ukiweza, ila usinunue alizarini ya zamani, kwa kuwa hupauka kwa mwanga. Chagua ile iliyoandikwa kwenye mrija kwamba ni ya kudumu. Nyeusi iache dukani kwanza. Sehemu mbili za siena kwa moja ya ultramarini zinakupa kahawia nzito yenye uhai, na nusu kwa nusu unafika karibu na nyeusi kabisa, nyeusi ambayo bado unaweza kuisogeza kwenye joto au ubaridi kwa kuongeza kidogo upande mmoja. Wapo wachoraji wakubwa wanaotumia nyeusi ya mrija kwa makusudi. Kerry James Marshall wa Marekani huchora watu wake kwa nyeusi za aina tatu, ya mifupa, ya kaboni na ya chuma, kila moja ikiwa na mwelekeo wake wa rangi. Lakini yeye anatafuta weusi wenyewe uwe hoja ya picha. Wewe unatafuta mzee fulani ambaye mjukuu wake akiingia ukumbini amtambue toka mlangoni.

Kabla mzee hajaketi, andaa vifungu vitano vya rangi kwenye paleti kwa kisu, si kwa brashi. Cha kwanza ni kivuli: siena na ultramarini, tone la nyekundu ya zambarau. Cha pili ni rangi ya ngozi yenyewe: siena nyingi, amba kidogo, ultramarini ya kugusa tu. Cha tatu ni mwanga wa kati: chukua kifungu cha pili, ongeza oka na nyekundu ya kadimi, bila nyeupe. Cha nne ni mwanga wa kati ulio juu zaidi: kifungu cha tatu na oka zaidi, na nyeupe isiyozidi punje moja ya mchele kwa kifungu cha ukubwa wa punje ya haragwe. Cha tano ni mng'ao: nyeupe, ultramarini na chembe ya siena, mpaka upate kijivu cha samawati. Hicho cha tano ukitengeneza kingi utakitumia kingi, kwa hiyo tengeneza kidogo sana.

Kila mzee ana vifungu vyake. Wazee kumi wa Pangani hawana ngozi moja: mmoja anaelekea wekundu wa shaba, mwingine umanjano, mwingine ni mweusi wa kuelekea bluu. Ukishakoroga kifungu cha pili, chota kwenye ncha ya kisu, omba ruhusa, na ukisogeze karibu na shavu lake penye mwanga uleule bila kumgusa. Finya macho. Kisu kikipotea kwenye ngozi, umepata. Kikionekana, jiulize kwanza kama kimezidi mwanga au giza, ndipo uulize rangi.

Usichore juu ya turubai jeupe. Weupe wa turubai unalidanganya jicho: kahawia yoyote utakayoiweka itaonekana imekolea vya kutosha, unasimama hapo, na baadaye picha nzima inakuwa hafifu. Paka kwanza turubai lote kwa amba au siena iliyolainishwa sana, uipanguse kwa kitambaa hadi ibaki rangi ya chai ya maziwa. Kwa kuwa una akriliki tayari, tumia akriliki kwa hatua hii, itakauka ndani ya nusu saa. Mafuta huweza kuja juu ya akriliki. Akriliki juu ya mafuta haishiki, itabanduka.

Macho na midomo ya wazee ina mitego yake. Weupe wa jicho si mweupe: ni kijivu chenye oka, na sehemu ya juu imo kwenye kivuli cha kope. Wazee wengi wana duara hafifu la kijivu au samawati kwenye ukingo wa nje wa sehemu ya kahawia ya jicho. Lichore, ndilo linaloleta umri kwa uaminifu kuliko makunyanzi mia. Mdomo wa juu mara nyingi una rangi ya ngozi au umekolea zaidi, wa chini ndio wenye waridi, na kwa kawaida wa chini ndio unaopata mwanga. Masikio yakipigwa na mwanga kutoka nyuma huwa mekundu kuliko unavyothubutu kuyapaka. Ndevu nyeupe zilizo kivulini ni kijivu kilichokolea kabisa. Zikichorwa nyeupe upande wote zitafanana na pamba iliyobandikwa. Na makunyanzi usiyachore kama mistari. Kila kunyanzi ni bonde lenye ukingo unaopata mwanga na ukingo usiopata, na mengi yatakuja yenyewe ukiweka kingo hizo mbili.

Mwanga wa chumba sasa. Vitabu vingi vinasema tafuta dirisha la kaskazini. Vimeandikwa kwa ajili ya Ulaya, ambako jua halipiti upande huo. Pangani iko kusini mwa ikweta, zaidi kidogo ya digrii 5, na jua linahama. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita kaskazini mwenu, kwa hiyo dirisha la kusini ndilo lenye mwanga mtulivu usioingiwa na jua. Miezi iliyobaki ni kinyume chake. Ukianza kazi Agosti na kuendelea hadi Novemba, panga kuhamia upande wa pili, au sura za mwisho hazitafanana na za kwanza.

Baraza za nyumba za pwani zinavutia, na wazee huzipenda, lakini mwanga wake unakuja pande mbili au tatu na kuufanya uso kuwa bapa. Ukilazimika kuchorea barazani, tundika kaniki upande mmoja, kiasi cha mita moja kutoka kwa mzee. Weusi wake unameza mwanga na kukurudishia kivuli. Nyuma yake usiache ukuta wa chokaa. Uso mweusi mbele ya ukuta mweupe unakuwa umbo tu, na jicho la mchoraji hufanya kama kamera, linashika weupe na kupoteza yaliyomo usoni. Tundika kitambaa cha rangi ya kati, kijani kilichofifia au kahawia ya udongo, na utumie hichohicho kwa wote kumi. Picha kumi za ukumbi mmoja zinahitaji kitu cha kuziunganisha: mwanga wa upande mmoja, kitambaa kimoja, kipimo kimoja. Sentimita 50 kwa 60 zinatosha kwa kichwa, mabega na hata mikono. Kichwa kiwe sentimita 18 hadi 20 kutoka kidevu hadi utosi, yaani kidogo chini ya ukubwa halisi. Kikizidi ukubwa wa mtu, ukumbini kitatisha. Macho ya mzee yawe usawa wa macho yako. Ukisimama na yeye amekaa kwenye kiti kifupi utamchora kutoka juu, na kila atakayeiangalia picha atakuwa anamtazama mzee kutoka juu. Mpe kiti cha juu, au keti.

Kuhusu kuchoka: nusu saa ndiyo kiwango cha mtu mzima, mzee hakukosea. Panga vikao vitatu kwa kila mmoja, kila kimoja cha saa moja na nusu, ukigawa kwa dakika 20 za kukaa na 10 za kunyoosha miguu. Saa tatu hadi saa nne na nusu asubuhi ni muda mzuri, mwanga umetulia na adhuhuri bado iko mbali. Chora alama za chaki kwenye sakafu penye nyayo zake na miguu ya kiti, ili akirudi akae palepale. Usimwambie atabasamu, kwani tabasamu la kushikiliwa hugeuka kuwa maumivu baada ya dakika mbili. Mwombe mtu wake wa karibu aketi ubavuni mwako wazungumze, macho ya mzee yatabaki upande wako na uso utakuwa hai. Mdomo uchore mwishoni, akinyamaza mwenyewe.

Kikao cha kwanza weka kila kitu muhimu: mchoro kwa brashi na amba nyembamba, vivuli vyote, na rangi ya kweli ya ngozi walau kwenye paji, shavu na pua. Usianze na nguo. Mzee anaweza kuugua au kusafiri. Mwaka 1965 Alice Neel, aliyechora majirani zake wa New York kwa miongo mingi, alimwanza kijana aliyeitwa James Hunter aliyekuwa ameandikishwa kwenda vita vya Vietnam. Kijana hakurudi kwa kikao cha pili. Kichwa na mkono vilikuwa vimekamilika, mwili ukiwa mistari tu, na Neel akaitia sahihi hivyo hivyo. Picha ilisimama kwa sababu alianza panapostahili.

Piga na picha za simu, kwa ruhusa, za kukusaidia nguo na mikono. Simama mita mbili au tatu na uvute lenzi kidogo (zoom). Ukisogea karibu pua inakua na masikio yanakimbilia nyuma. Gusa skrini penye uso kisha ongeza mwanga, maana simu ikiona kanzu nyeupe inautia uso giza. Rangi ya ngozi usiitoe kwenye simu. Itoe kwenye vifungu ulivyolinganisha na mzee mwenyewe.

Kanga inahitaji neno la peke yake. Chora kwanza mikunjo yote kwa rangi mbili au tatu kana kwamba ni kitambaa kisicho na maua, ndipo maua yafuate mikunjo. Ukianza na maua, kanga itakuwa ubao. Na jina la kanga, yaani maandishi yake, muulize bibi mwenyewe kama anataka lionekane. Ukumbini litasomwa na kila mtu kwa miaka, na wapo watakaoona limeelekezwa kwao. Akilichagua kwa makusudi, liandike kwa usahihi, herufi kwa herufi. Asipojali, likunje lipotee, kwa kuwa maandishi huvuta jicho kutoka usoni. Kofia ya viua nayo usiitoboe tundu kwa tundu. Onyesha mpangilio wake upande wa mwanga, upande wa kivuli uache.

Turubai unaweza kulitengeneza mwenyewe kwa kitambaa cha amerikani kizito kilichofuliwa na kunyooshwa. Kitandike kwenye kiunzi cha mbao kavu chenye kingo zilizoinuliwa kidogo ili kitambaa kisiguse ubao wa ndani. Paka jeso ya akriliki, yaani rangi nyeupe ya msingi, mara tatu, mkono wa pili uvuke ule wa kwanza, na kati yake upige msasa namba 220. Usiruke hatua hii. Mafuta yakifika kwenye pamba yanaiozesha, na baada ya miaka turubai linapasuka kwa kuguswa. Tumia misumari ya shaba, kwa sababu ya chuma itapata kutu kwa hewa ya chumvi na kutoboa kitambaa. Hadibodi nayo inafaa, ikipakwa jeso pande zote mbili isipinde. Edward Tingatinga na wenzake walichora juu ya ubao wa namna hiyo. Ila rangi ya baiskeli waliyoitumia usiilete kwenye sura za mafuta: inashika utando mapema mno, na laini za shavu haziwahi kuunganishwa.

Tabaka la kwanza lainisha kwa tapentaini, la pili rangi kama ilivyotoka mrijani, la tatu uongeze mafuta ya kitani kidogo. Ukigeuza mpangilio huo, la juu litakauka kabla ya la chini na kupasuka. Thina ya magari hapana. Mafuta ya kula hapana, hayakauki ipasavyo. Siena na amba hushikika bila kunata baada ya siku mbili hadi tano. Nyekundu ya zambarau huchukua wiki na zaidi, na masika muda huongezeka. Kwa hiyo wachore wazee watatu kwa zamu, kila mmoja arudi baada ya wiki moja. Matambaa yenye mafuta ya kitani usiyarundike: yanapokauka hutoa joto na huweza kuwaka yenyewe. Yaanike moja moja nje, au yazamishe kwenye kopo la maji lenye kifuniko.

Kabla ya yote hayo, makubaliano. Andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili, nakala mbili, na umsomee mzee mbele ya mtu wa familia yake: picha itatundikwa wapi, nani ataimiliki, kama inaweza kupigwa picha na kuwekwa mtandaoni au kuchapwa kwenye kalenda, na nani atapata fedha ikichapwa. Mambo haya yatenganishwe, kila moja liwe na ndiyo au hapana yake. Mzee anaweza kukubali ukumbi na kukataa mtandao. Sahihi au dole gumba. Anayeacha shamba, soko au mtumbwi ili akukalie alipwe muda wake na nauli; liweke hilo kwenye bajeti ya kata mapema, lisitoke mfukoni mwako. Kila familia ipate nakala iliyochapwa ya A4.

Wanawake wachorwe walivyovaa siku hiyo. Bibi akija na mtandio, usiende kutafuta nywele zake kwenye picha ya ujana. Na huenda mzee akakataa kuchorwa uso kwa sababu ya dini. Usimbembeleze wala usimtume mtu akamshawishi. Mwombe badala yake uchore vitu vya kazi yake: nyavu, patasi ya mlango, kinu, msahafu kwenye marufaa, kwa kipimo kilekile na mwanga uleule, na jina lake chini. Kwenye safu ya picha kumi, hiyo itakuwa na uzito sawa na nyingine.

Mwonyeshe kila mzee picha yake mwisho wa kila kikao, si siku ya uzinduzi. Akisema "umenizeesha", mara nyingi umekoleza mistari ya pembeni mwa mdomo, ilainishe uone. Akisema "umenifanya mweupe", msikilize mara moja na urudi kwenye kifungu cha tatu.

Vanishi isubiri miezi sita kwa picha nyembamba, mwaka kwa zile nene. Ukumbi ukiwa na kuta za mawe ya matumbawe, zinabeba unyevu: gundisha vipande vya mbao vya sentimita mbili kwenye pembe za nyuma za fremu ili hewa ipite, la sivyo ukungu utaanzia nyuma na utauona umechelewa. Usitundike panapopigwa na jua la dirisha. Katikati ya picha iwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Nyuma ya kila turubai andika kwa penseli, kwenye mbao na si kwenye kitambaa, jina la mzee kama anavyolitamka mwenyewe, tarehe za vikao, na rangi ulizotumia, ili atakayeitengeneza ikiharibika ajue aanze na nini.